Baiskeli kuukuu na vipuri vyake: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya yanahusu baiskeli za zamani zinazouzwa kwa bei ya chini Tanzania, Kenya na pwani yote: zile nyeusi nzito za mtindo wa Kiingereza, pamoja na za mtumba kutoka Japani na Ulaya. Maswali yana namba. Jibu likigusa jambo lililokwisha kuelezwa kwingine, utaelekezwa huko.

## Kabla ya kununua

1. Nikisema nataka baiskeli kuukuu ya bei nafuu, nitakutana na zipi?

Ukoo wa kwanza ni baiskeli nyeusi ya wima, yenye magurudumu ya inchi 28 na breki za vyuma badala ya waya. Asili yake ni Uingereza: Raleigh ya Nottingham, BSA, Humber, Rudge, Phillips, Hercules. Kisha zikaja zilizofuata umbo hilohilo: Hero na Avon za Ludhiana, India, na Phoenix ya Shanghai, China. Wakenya huziita blakimamba. Tanzania nayo ilikuwa na Swala yake, na mpaka leo utakuta fremu zake mitaani.

Ukoo wa pili ni wa mtumba wa Japani: baiskeli za mjini zenye kikapu mbele, fremu ya chini inayopandwa bila kuinua mguu juu na kufuli ya duara kwenye gurudumu la nyuma. Magurudumu yake huwa inchi 26, 27 au 24.

Ukoo wa tatu ni wa Ulaya: za Uholanzi na Ujerumani zenye gia ndani ya habu (kitovu cha gurudumu), za mbio zenye gia kumi, na zile za kwanza za milimani. Hapa ndipo penye vipimo vya kila namna, na ndipo wanunuzi wengi wanapokwama.

2. Ipi ina vipuri rahisi kupatikana?

Ya inchi 28 ya Kihindi au Kichina, bila ubishi. Tairi, tyubu, spoku, pini za kranki (sehemu inayozungushwa na pedali), vikombe vya kukalia gololi, gololi, raba za breki, hata foku nzima (uma unaoshika gurudumu la mbele), vyote vimo kwenye duka la vipuri la mji wowote, na mara nyingi kwenye duka la kijijini linalouza pia misumari na betri.

Inayofuata ni ya milimani ya inchi 26, kwa sababu tairi lake linatumika kwenye baiskeli nyingi mpya. Baiskeli ya Japani ya 26 x 1 3/8 iko katikati: mijini vipo, lakini ukitoka mjini beba tairi la akiba. Ya 27 ya Japani na ya mbio ya Ulaya ni za mtu anayeishi karibu na soko kubwa, mathalani Kariakoo, na mwenye subira.

Kwa hiyo, kabla ya kupenda rangi, nenda kwa fundi wako wa karibu uone matairi aliyoning'iniza. Hizo ndizo saizi anazouza kila siku.

3. Raleigh halisi ya Kiingereza inafaa kulipiwa zaidi?

Chuma chake ni kizuri, chromu ni nene, na vikombe na koni zake zimekazwa vizuri kiwandani, kiasi kwamba nyingi za miaka ya 1950 bado zinazunguka bila kucheza. Lakini Raleigh ilitumia thredi (mikato ya skrubu) zake yenyewe, za 26 kwa inchi, kwenye bomba la kranki na kwenye usukani, wakati viwanda vingine vingi vilitumia 24 (tazama swali la 17). Ukiikuta ikiwa kamili, kranki haichezi na usukani hauna mikwaruzo ndani, lipa kidogo zaidi. Ukiikuta imepoteza vikombe, jina lililo kwenye fremu halitakusaidia.

Jihadhari pia na jina lenyewe. Nembo ya kubandika hupatikana sokoni, na fremu ya Kihindi ikipakwa rangi upya inaweza kuamka asubuhi ikiwa Raleigh. Tazama mahali pasipobandikwa kitu: bolti, kichwa cha foku, na meno ya kranki. Kwenye Raleigh nyingi za zamani sahani ya meno ya kranki ina matundu yaliyokatwa kwa umbo la vichwa vya korongo.

4. Nikague nini, na kwa mpangilio gani?

Nenda mchana, ukiwa na spana, kipande cha uzi mrefu na sumaku ndogo. Anza na vile visivyorekebishika, malizia na vya bei ndogo.

Fremu kwanza. Funga uzi nyuma ya fremu kwenye mhimili wa gurudumu, upitishe kwenye bomba la usukani, urudishe upande wa pili, kisha pima nafasi kati ya uzi na bomba la kiti kila upande. Tofauti ya milimita 3 au 4 inavumilika. Ikizidi hapo, fremu imepinda. Pitisha kidole chini ya bomba la juu na la chini, karibu na usukani. Rangi iliyokunjamana au kivimbe hapo ni dalili kwamba baiskeli iligonga kitu kwa mbele.

Foku: simama ubavuni uitazame. Miguu yake inapaswa kwenda sawa na bomba la usukani kisha kupinda mbele taratibu chini. Ikiwa imerudi nyuma, imegongwa.

Kiti na usukani: hakikisha bomba la kiti linapanda na kushuka, na shina la usukani linageuka ukilegeza bolti. Vilivyogoma vinatoka kwa shida (tazama swali la 24).

Kranki: shika miguu yote miwili uisukume kuelekea fremu na kuivuta. Mguu mmoja pekee ukicheza, ni pini, tatizo dogo. Ikicheza yote kwa pamoja, ni gololi au vikombe. Ikicheza na huku inakwaruza, fikiri swali la 17 kabla ya kutaja bei.

Magurudumu: inua, zungusha, tazama ringi ikipita kwenye raba ya breki. Kuyumba kwa milimita 3 hunyooshwa kwa kukaza spoku. Ringi yenye ufa kwenye tundu la spoku hainyooshwi.

Mwisho tairi, tyubu, cheni, raba, kiti na pedali. Hivi vyote vibovu ni sawa, mradi viwe vimepunguzwa kwenye bei.

5. Kutu kiasi gani ni nyingi mno?

Kutu ya juujuu, rangi ya chai, inayotoka kwa kusugua na karatasi ya foili iliyoloweshwa maji, si kitu. Kutu yenye mashimo kwenye chromu ya ringi itakula raba za breki, lakini gurudumu litaendelea kubeba. Kutu ya kuogopa ni ile ya ndani.

Baiskeli iliyokaa pwani, hasa ya muuza samaki, hunyweshwa maji ya chumvi kupitia bomba la kiti, na maji hayo hutuama kwenye bomba la kranki. Toa kiti, inamisha baiskeli uipige taratibu kwa mpini wa bisibisi. Ukitoka unga mwekundu ni kawaida. Yakitoka magamba, bonyeza chini ya bomba la kranki kwa ncha ya bisibisi. Chuma kikibonyea, iache. Tazama pia mabomba membamba ya nyuma, pale yanapokutana na mhimili.

Sumaku ina kazi hapa: kwenye bomba la fremu isiposhika mahali pamoja huku kwingine inashika, hapo pamejazwa putini na kupakwa rangi.

6. Nitajuaje kwamba si ya wizi?

Tafuta namba ya fremu. Huwa chini ya bomba la kranki, au kwenye shingo ya kiti, au karibu na mhimili wa nyuma. Ikiwa imefutwa kwa tupa, ondoka, hata kama muuzaji ana maelezo matamu. Za Japani nyingi bado zina kibandiko chenye maandishi ya Kijapani na namba. Huo ni usajili wa kule dhidi ya wizi. Hauthibitishi umiliki huku.

Andikianeni hati ya mauziano yenye namba ya fremu, rangi, tarehe, bei na majina yenu, mbele ya shahidi. Tanzania wengi huipitisha kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa au mjumbe, Kenya kwa mzee wa mtaa. Muuzaji anayekataa jambo dogo hilo amekwisha kukujibu.

7. Nipatane bei vipi?

Usianze na bei ya baiskeli. Anza na bei ya vinavyokosekana. Pita dukani kabla, uliza bei ya tairi mbili, tyubu mbili, cheni, friwili (meno ya nyuma yanayoendeshwa na cheni), seti ya raba, pini mbili za kranki na gololi, na ujira wa fundi. Jumla hiyo itoe kwenye bei ya baiskeli ya aina hiyo iliyo nzima. Kinachobaki ndicho cha kutaja. Mara kwa mara hesabu inaonyesha kwamba ya nusu bei isiyo na matairi ni ghali kuliko ile nzima iliyoegeshwa jirani.

8. Saizi ya fremu ina umuhimu?

Ndiyo. Nyingi za inchi 28 zina fremu ya inchi 22 au 24, ikipimwa kutoka katikati ya kranki hadi juu ya bomba la kiti. Panda bomba la juu ukiwa umesimama: likikugusa, fremu ni kubwa. Kiti kinashushwa, bomba halishushwi.

## Magurudumu

9. Nimenunua tairi la inchi 28 lakini haliingii. Kwa nini?

Kwa sababu "28" ni jina, si kipimo. Kipimo cha kweli ni kile chenye tarakimu tatu baada ya kistari, kilichochapwa ubavuni mwa tairi kwa herufi ndogo, kwa mfano 40-635. Tarakimu hizo tatu ni kipenyo, kwa milimita, cha mahali tairi linapokaa kwenye ringi. Zikitofautiana, tairi halikai.

Hizi ndizo utakazokutana nazo:

- 28 x 1 1/2: 635. Ndiyo baiskeli nyeusi ya breki za vyuma.
- 28 x 1 5/8 x 1 3/8, 28 x 1 3/4 na 700C: 622. Za Uholanzi, Ujerumani, na nyingi mpya.
- 27 x 1 1/4: 630. Za mbio za zamani.
- 27 x 1 3/8 ya Japani: 609.
- 26 x 1 3/8: 590. Japani, na Raleigh ndogo.
- 26 x 1 1/2: 584. Za Kifaransa.
- 26 x 1.95, 26 x 2.125 na jamaa zake: 559. Za milimani.
- 24 x 1 3/8 ya Japani: 540.

Tairi la 622 halipandi kwenye ringi ya 635. Limepungua milimita 13. Wapo wanaolivuta kwa vyuma mpaka waya wa ndani ukatike. La 635 kwenye ringi ya 622 linaingia kwa ulaini wa ajabu, kisha linachomoka ukijaza upepo.

10. Je, 26 x 1 3/8 na 26 x 1.375 si hesabu moja?

Kwa mwalimu wa hesabu, ndiyo. Kwa tairi, hapana. Saizi iliyoandikwa kwa sehemu na ile iliyoandikwa kwa desimali ni familia mbili tofauti, na baina ya 590 na 559 kuna milimita 31. Ukimtuma mtoto dukani mwandikie tarakimu tatu kwenye karatasi.

11. Baiskeli yangu ya Japani ni ya 27. Nifanye nini tairi likiisha?

Tafuta la 37-609, ambalo huja zaidi kwa waagizaji wa mtumba wenyewe, hivyo uliza palepale uliponunulia baiskeli. La mbio la 27 x 1 1/4 halifai, ni 630. Kama hulipati, njia ya kudumu ni kufunga ringi nyingine kwenye habu zako. Ya 590 ni ndogo kwa milimita 19 kwa kipenyo, kwa hiyo raba ya breki ya mbele inapaswa kushuka karibu milimita 10. Pima kama mkono wa breki unafika kabla ya kununua ringi. Breki ya nyuma ya Japani huwa kwenye habu, haijali ukubwa wa ringi.

Tyubu si shida: ya 26 x 1 3/8 huvutika vya kutosha kuingia kwenye 27.

12. Ringi inauzwa kwa idadi ya matundu. Nitajuaje yangu?

Hesabu spoku, usikadirie. Baiskeli za mtindo wa Kiingereza kwa kawaida zina 32 mbele na 40 nyuma. Za Japani na Uholanzi nyingi zina 36 kotekote. Ringi ya matundu 36 haifungwi kwenye habu ya 40, wala hakuna ujanja.

Spoku nazo zina urefu na unene. Chomoa nzima moja, nenda nayo. Kwa unene, namba ikishuka spoku inanenepa: 14 ni milimita 2.0, 13 ni 2.3, na 12 ni 2.6. Anayebeba mkaa, maziwa au abiria afunge za 13 au 12 nyuma, lakini ahakikishe matundu ya habu yanazipokea. Spoku ikikatika kila mwezi upande uleule, usilaumu spoku. Gurudumu halijakazwa sawasawa.

13. Valvu ya aina ya Kiingereza inavuja upepo kila siku. Tatizo nini?

Karibu kila mara ni ule mpira mwembamba kama mrija unaovikwa ndani ya valvu. Joto huukausha, unapasuka. Fungua nati, chomoa kipande cha ndani, vua mpira uliochakaa, lowesha mpya kwa mate, uvike, rudisha. Kazi ya dakika mbili, na mpira ni wa senti. Beba miwili kwenye pochi.

Ukitaka kuhamia valvu kama ya gari, tundu la ringi ni lilelile, takriban milimita 8.5. Tyubu yenye valvu nyembamba ya baiskeli za mbio nayo huingia, ila itacheza. Iwekee washa.

14. Naweza kuvua magurudumu ya 635 niweke ya 700C ili nipate matairi mazuri?

Breki za vyuma hazitafika, na hata zikifika, zinabana ringi kwa ndani, upande wa spoku. Ringi ya 700C ya kawaida haina sehemu hiyo. Utahitaji breki za waya zenye mikono mirefu, mikono mipya ya usukani, na pengine kutoboa foku. Ni kazi ya kubadilisha baiskeli nzima. Kama matairi ndiyo shida, afadhali uza, ununue nyingine.

## Kranki, pedali na cheni

15. Mguu wa kranki unacheza kila nikikanyaga. Nimekaza nati lakini wapi!

Nati haikazi pini. Nyundo ndiyo inayokaza, nati inashikilia tu. Anayekaza kwa nati huvua thredi na pini hubaki palepale.

Toa pini, itazame. Ikiwa ubapa wake una ngazi, imekwisha. Pini mpya zina vipenyo viwili vya kawaida, milimita 9.5 na 9, na kwa macho zinafanana. Nenda na ya zamani. Raleigh ni 9.5. Ya 9 ndani ya tundu la 9.5 itacheza wiki moja na kula tundu.

Kufunga: weka grisi kidogo, ingiza pini, ubapa ukielekea ekseli. Simamisha kipande cha bomba la chuma chini ya mguu wa kranki, kifike sakafuni, ili pigo liishie chini, lisiende kwenye gololi. Piga mara tatu nne kwa nyundo nzito, kisha kaza nati. Pini za kulia na kushoto huelekea pande zinazopingana. Zikielekea upande mmoja, miguu haitakaa mstari mmoja. Pini ikitokeza kidogo mno upande wa nati, ubapa upunguzwe kwa tupa, pasi chache na sawasawa. Baada ya kilomita 20 hivi piga tena, ukaze tena. Hatua hii hurukwa na wengi, ndiyo maana pini zina sifa mbaya.

16. Pini imegoma kutoka. Nipige kwa nguvu?

Legeza nati mpaka ilingane na ncha ya pini, uiache hapo ilinde thredi. Tia mafuta mepesi usiku kucha. Egemeza mguu kwenye bomba kama swali la 15 na upige mara moja kwa nguvu. Mapigo madogo mengi huitandaza ncha kama kichwa cha msumari, na hapo utaishia kutoboa.

17. Vikombe vya kranki nilivyonunua vinaingia raundi mbili kisha vinakaza. Ni vibovu?

Hapana, ni thredi tofauti. Kipenyo ni kimoja, lakini Raleigh ina thredi 26 kwa inchi na kawaida ya Kiingereza ni 24, ambayo pia ndiyo ya Japani. Kikombe cha 24 kwenye bomba la 26 hutembea raundi moja au mbili kwa utiifu, kisha hugoma. Ukilazimisha, umeharibu fremu.

Njia rahisi ya kutambua: laza kikombe chako juu ya kikombe unachotaka kununua, thredi kwa thredi, ukitazama mwangani. Zikilala zote ndani ya mwenzake, ni sawa. Zikianza kupishana, rudisha.

Kikombe cha upande wa cheni hufunguka kinyume, yaani kwa kuzungusha kulia. Wengi wamekikaza zaidi wakidhani wanakifungua. Kama kikombe hicho hakijaharibika, usikitoe; kisafishe kikiwa ndani.

18. Pedali ya kushoto inakataa kuingia.

Ina thredi ya kinyume, na hutiwa alama L. Kanuni ya mafundi: pedali zote mbili hukazwa kwa kuzungusha spana kuelekea mbele ya baiskeli. Anza kwa vidole mpaka raundi tatu. Kipimo cha kawaida ni 9/16, kwa za Kiingereza, Kihindi, Kichina na Kijapani. Isiyoingia upande wowote huenda ni kranki ya Kifaransa (swali la 23).

19. Cheni gani, na niibadilishe lini?

Baiskeli isiyo na gia, au yenye gia ndani ya habu, hutumia 1/2 x 1/8. Yenye gia za nje hutumia nyembamba, 3/32. Cheni pana hufanya kazi kwenye meno membamba, lakini nyembamba haikai kwenye meno mapana.

Pima kwa rula inchi 12 kutoka katikati ya pini hadi katikati ya pini, cheni ikiwa imevutwa. Ikizidi milimita 1.5, badilisha. Ikizidi 3, badilisha na friwili, maana cheni mpya itaruka kwenye meno yaliyokwishaliwa. Friwili nyingi za Kiingereza, Kihindi na Kijapani hushirikiana thredi, 1.37 x 24, kwa hiyo hapa huna haja ya kusaka jina.

20. Gololi ngapi na za ukubwa gani?

Kranki ya vikombe: 11 kila upande, za 1/4. Habu ya nyuma: 9 kila upande, za 1/4. Habu ya mbele mara nyingi 10 kila upande, za 3/16. Usukani hutofautiana, beba moja ya mfano. Ukiwa na shaka, jaza kikombe chote, kisha toa moja.

Nunua mpya zote kwa pamoja. Gololi moja mpya kati ya zilizochakaa ndiyo itakayobeba mzigo wote, na itapasuka.

## Breki na gia

21. Breki za vyuma hazishiki, hasa mvua ikinyesha.

Kwenye chromu iliyolowa hazitashika sana hata zikiwa mpya. Panga mwendo wako hivyo. Kwenye ukavu zinapaswa kushika. Hakikisha raba zote mbili zinagusa ringi kwa wakati mmoja, zikiwa milimita 2 hadi 3 kutoka ringi, na vyuma havijapinda. Legeza viungio, vinyooshe, kaza ukiwa umeubana mkono wa breki nusu. Ringi isafishwe kwa mafuta ya taa kisha ikaushwe kabisa. Ringi iliyoyumba hufanya breki ikushike na kukuachia. Inyooshe kwanza.

22. Breki ya nyuma ya Japani inapiga mayowe mtaa mzima.

Ni breki ya ukanda: mkanda unaobana dramu kwa nje, na vumbi limeingia katikati. Usiitie mafuta. Itanyamaza, ila haitasimama. Fungua, suuza vumbi, sugua mkanda kwa msasa. Kelele ikirudi, badilisha kitengo chote. Ipo breki ya Kijapani iitwayo servo ambayo dramu yake inafungwa kwenye thredi ileile ya habu na haina kelele. Breki ya rola, yenye mapezi ya kupoza, ina kiungio kingine na haibadilishani nazo.

Na gia tatu za ndani ya habu, je? Zikiteleza ninunue habu mpya?

Hili halina namba kwa kuwa linaulizwa na kila aliyenunua ya Ulaya. Usinunue kwanza. Habu ya Sturmey-Archer AW, iliyoanza kutengenezwa 1936, huteleza karibu daima kwa sababu ya waya. Weka gia ya 2, tazama kwenye dirisha la nati ya kulia: bega la kijiti cha cheni ndogo linapaswa kulingana na ncha ya ekseli. Zungusha kirekebishi mpaka lilingane. Kati ya gia ya 2 na ya 3 pana nafasi tupu ambapo pedali hukimbia bure, kwa hiyo usikanyage kwa kusimama kabla ya kurekebisha. Kila mwezi tia matone machache ya mafuta mepesi ya injini kwenye tundu la habu. Grisi haifiki ndani, na mafuta ya kupikia huganda.

Tarehe ya kutengenezwa imechongwa kwenye ganda la nyingi: 62 4 ni Aprili 1962. Sehemu za ndani za AW za miaka mingi zinabadilishana, kwa hiyo habu iliyokufa ya jirani ina thamani. Habu ya Nexus ya Japani ya gia tatu nayo hurekebishwa katika gia ya 2, kwa kulinganisha alama iliyo kwenye kidude cha pembeni mwa ekseli.

## Hali zisizo za kawaida

23. Nimepewa baiskeli ya Kifaransa bure. Niichukue?

Kama ina kila kitu na inatembea, ndiyo. Ila za zamani zina thredi za milimita: pedali 14 x 1.25, friwili 34.7 x 1, na shina la usukani la milimita 22.0 badala ya 22.2. Kranki nayo ina vikombe vyake. Siku ikivunjika pedali, utabadilisha kranki nzima, na kranki itadai ekseli. Bure hiyo ina bei yake.

24. Bomba la kiti limegoma ndani ya fremu.

Toa bolti ya shingo kabisa. Geuza baiskeli miguu juu, tia mchanganyiko wa dizeli na mafuta ya injini kupitia bomba la kranki, uache siku mbili tatu. Kisha bana kichwa cha bomba la kiti kwenye jiliwa na uzungushe fremu nzima, taratibu, kushoto na kulia. Usivute kabla halijazunguka. Mpya iwe na kipenyo kilekile kwa kalipa. Raleigh nyingi za chuma ni milimita 25.4. Ya 25.0 itabanwa na bolti, kisha itashuka taratibu ukiwa njiani.

25. Fremu ina ufa. Ichomelewe?

Fremu hizi ziliunganishwa kwa shaba ndani ya vishikio, si kwa kuyeyusha chuma. Mashine ya umeme hutoboa bomba jembamba, na lisipotoboka hukakamaa likakatika sentimita moja pembeni. Tafuta fundi wa gesi na fimbo ya shaba. Ufa kwenye foku usiunganishwe kwa njia yoyote: nunua foku nyingine, ukilinganisha urefu wa shingo na thredi (swali la 17 linahusu hapa pia).

26. Naagiza kipuri kwa simu kutoka mji mwingine. Niseme nini?

Usiseme "cha Phoenix" au "cha Raleigh" peke yake. Tuma picha ya kipuri kikiwa kimelazwa kando ya rula, na uandike: tarakimu tatu za tairi, idadi ya matundu ya ringi mbele na nyuma, thredi ya vikombe (24 au 26), kipenyo cha pini ya kranki, na nafasi kati ya mikono ya fremu pale gurudumu la nyuma linapoingia, kwa milimita. Omba muuzaji akupigie picha ya kipimo chake kabla hajafunga mzigo kwenye basi. Vipimo hivyo viandike pia kwa kalamu isiyofutika chini ya kiti.